Hakuna Kuingia, Hakuna Kutoka

*Kasongo, tarehe 2 mwezi wa sita, 1943*

Kwa mdogo wangu Assumani, kapita wa Lumbwe,

Salamu nyingi kuliko pamba yote mnayolimishwa huko. Sisi hapa tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi lina maneno mengi kunishinda mimi mwenyewe. Nasikia tangu wakufanye kapita, msimamizi wa kijiji, unanenepa. Mayai ya watu hayo, Assumani, usijidanganye kwamba ni baraka.

Nakuandikia kwa ajili ya mwanangu Subira aliye huko kwako. Mwezi wake wa saba unakwisha, na desturi yetu unaijua: mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mume wake Musafiri yuko Salamabila anachimba dhahabu ya Wazungu, hawezi kumsindikiza, kwa hiyo kazi ni yako wewe mjomba. Mtafutie wanawake wanaokuja soko la Kasongo, waje naye polepole, walale njiani. Asibebe mzigo hata wa mchele wa kula safarini. Namjua mwanangu, ataficha kikapu chini ya nguo aonekane ana nguvu.

Chumba nimekipaka chokaa, mkunga nimekwisha zungumza naye. Wenzake wote Mungu aliwachukua wakiwa wadogo, huyu ndiye aliyeniachia, nataka azae nikimshika mkono.

Nimeandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kama alivyotufundisha baba, ili tarishi asichungulie. Msomee Subira, maana yeye chuoni alikwenda kucheza tu.

Dada yako,
Feza binti Abedi

---

*Lumbwe, tarehe 15 mwezi wa sita, 1943*

Kwa Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Usishangae barua hii ikinuka moshi. Kila karatasi inayotoka hapa tunaishika kwanza juu ya moto wa majani mabichi, ndipo polisi waipokee. Yaya, ndui imeingia Lumbwe.

Ililetwa na mchukuzi mmoja aliyetoka njia ya migodi. Alilala kwa ndugu zake, asubuhi uso umejaa. Yeye amekufa, na waliomuuguza sasa wamelala wao. Bwana Mkubwa wa teritware, yule Mzungu wa wilaya, alifika pamoja na munganga Théophile wa chanjo, hakushuka hata kwenye tipoye, kiti chake cha kubebwa. Sefu, chifu wetu, yuko Kabambare anaumwa, au anasema anaumwa. Basi yule Mzungu akaninyoshea fimbo mimi mbele ya watu wote, akasema: “Huyu ndiye mkubwa wa jambo hili. Ndui ikivuka mto, nitamuuliza huyu, sitamuuliza mwingine.” Amri yake ni fupi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka.

Nimegawa kazi. Polisi Atumani na wenzake wako ng'ambo ya mto Kasela, wanalinda kamba niliyoifunga mti kwa mti, na mtumbwi tumeupandisha upande wao. Vijana wamejenga kibanda cha wagonjwa kule bondeni, karibu na mto, ili maji yasiwe mbali. Chakula kinawekwa juu ya jiwe, mwenye kuleta anaondoka, ndipo mwenye kuchukua anakuja. Théophile alichanja watu mpaka dawa ikamwishia, anasema vita ya Ulaya inazuia nyingine kufika. Wa kuuguza ninaye mmoja tu, bibi Régina, mjane wa misheni, kwa sababu aliugua ndui utotoni na haimpati tena.

Kwa hiyo Subira hawezi kuja. Ni mzima, anakaa kwangu, hatoki uani. Hakuchanjwa, lakini usitie hofu. Nyumba yangu niliiweka mwisho wa mstari ili mtu asiseme kapita amejipendelea, na dawa ikaisha kabla hatujafikiwa.

Mdogo wako,
Assumani Abedi, kapita

---

*Kasongo, tarehe 21 mwezi wa sita, 1943*

Assumani,

Mwisho wa mstari! Ulikula nini siku ile? Mwanamke mwenye mimba ndani ya nyumba yako, na wewe unamsimamisha nyuma ya wote ili Wabangubangu wa huko wakusifu kwamba huna upendeleo! Lahaula. Nimeisoma barua yako nikaitupa, nikaiokota, nikaitupa tena.

Haya, yamepita. Sasa nisikilize. Simtaki Subira avuke. Mimi si mjinga, najua maana ya kufunga njia, na hapa Kasongo kuna watoto wa watu. Ninalokuomba ni mimi niingie.

Uso wangu umeusahau? Ninyi ndio mlioniita Chekeche, mkinicheka kwa haya mashimo, mpaka baba akawapiga. Ndui ilinila nikiwa mtoto, na ikishamla mtu haimrudii. Théophile wako analijua hilo, ndiyo maana Régina anauguza. Na kabla ya Théophile bibi yetu alilijua. Zamani mji ukiingiwa na ndui walitafutwa watu wenye makovu, wakaingia kwa wagonjwa, wakawapikia, wakawaosha, na hawatoki mpaka imekwisha. Hakuna aliyehitaji fimbo ya Mzungu kuwaonyesha.

Nami nitafanya hivyohivyo. Nikivuka sirudi nyuma mpaka Mungu aiondoe. Hata Subira asipougua, Régina ni mtu mmoja na mikono miwili. Mwambie yule mkubwa wako kwamba umepata mwuguzaji wa bure.

Na hapa msomee Subira neno kwa neno: “Mwanangu, mama yako anakuja. Usilie, kunywa uji, lala kwa ubavu. Ninakuja.”

Dada yako,
Feza binti Abedi

---

*Lumbwe, tarehe 29 mwezi wa sita, 1943*

Yaya,

Nimepata maneno yako na nimeyafikiri sana. Jibu langu ni hapana.

Usikasirike kabla ya kunielewa. Juma lililopita alifika mama mmoja kutoka Wamaza, mtoto wake wa kiume yumo kibandani. Alipiga magoti kule kwenye kamba akalia: “Kapita, mutoto yangu iko ndani, niache nipite.” Nilimrudisha. Mtoto alikufa, na yeye alipata habari akiwa njiani kurudi. Toka siku ile watu wa hapa wananitazama kwa jicho jingine. Mmoja alisema nikisikia: “Mungojee tu. Siku ya ndugu yake itafika, ndipo tutaona kama kamba itabaki.” Kamba ile si kitu, Yaya, hata mbuzi anaikata. Inashika kwa sababu watu wanaamini ninaifunga kwa wote. Nikiifungua kwa ajili ya dada yangu, kesho nusu ya kijiji iko njiani, wengine Wamaza, wengine Lusangi, wengine Kasongo kwako.

Unasema una makovu. Kweli, unayo. Lakini amri haikusema “isipokuwa wenye makovu.” Nilimuuliza Théophile, akasema mambo ya wazee hayo, yeye hana ruhusa ya kuyaandika, labda aulize Kabambare. Nami sikutaka aulize, maana wangesema kapita anatafuta njia ya watu wake.

Subira ni mzima. Anakula, anacheka, juzi alimtania mke wangu kwa ugali uliomwagika. Nimemsomea maneno yako, amefurahi, anakusalimu.

Mdogo wako,
Assumani

---

*Mtoni Kasela, upande wa polisi, tarehe 8 mwezi wa saba, 1943*

Assumani,

Nimefika. Goti limenitukana njia nzima lakini limefika.

Huyu Atumani wako ni kijana mwenye adabu, amenipa kigoda na amenikatalia kuvuka. Simlaumu, anatii aliyemtuma. Nimeketi chini ya kamba yako. Naona moshi wa nyumba zenu, naona na kile kibanda cha bondeni, paa lake jipya. Kuna mtu anaingia na kutoka na kibuyu, nadhani ndiye Régina. Jana nilimwona akikaa chini njiani, akakaa muda mrefu, kisha akainuka. Amechoka yule mwanamke. Wagonjwa kibanda kizima, na anayebeba maji ni bibi kizee mmoja, huku mimi nimekaa ng'ambo nikitazama, mikono imelala mapajani. Niambie ni akili gani hiyo.

Hutaki nivuke, basi nifanyie hili dogo. Mlete Subira mpaka ukingoni upande wenu, asimame mbali, nimwone tu. Simgusi, siongei. Nikishamwona amesimama kwa miguu yake nitarudi Kasongo, na sitakusumbua tena mpaka mwisho wa mambo haya. Mbona jambo hili rahisi? Ni mzima, umesema.

Feza

---

*Lumbwe, tarehe 9 mwezi wa saba, 1943*

Yaya,

Rudi nyumbani. Nakuomba, na kama kuomba hakutoshi, nakuamuru kama mkubwa wa mahali hapa.

Subira hawezi kuja mtoni. Miguu imemvimba, ni mambo ya mimba, unayajua wewe kuliko mimi, na kule kuna mteremko. Tena nikimleta ukingoni, kila mwenye mtu wake atataka kuletwa ukingoni. Wameshaanza kuulizana ni nani yule mwanamke aliyeketi ng'ambo. Nimewaambia ni mfanyabiashara anangoja njia ifunguliwe.

Nimesikia kwamba unaita. Usiite tena. Sauti inafika kijijini, inawatia watu wasiwasi, na mimi nawashika kwa shida.

Kesho polisi wawili watakusindikiza mpaka Wamaza. Nimewaambia wakushike kwa heshima.

Assumani

---

*Wamaza, tarehe 12 mwezi wa saba, 1943*

Assumani,

Walinishika kwa heshima. Mmoja mkono wa kulia, mwingine mkono wa kushoto, na heshima katikati.

Nimelala hapa kwa jamaa wa mume wangu marehemu, na nimepata muda wa kufikiri. Mfanyabiashara! Dada yako aliyekubeba mgongoni, ukamkojolea, leo ni mfanyabiashara anangoja njia.

Sikukuelewa kwanza nilipoambiwa nisiite. Nilimwita mwanangu siku ile tangu jua lilipopanda mpaka koo likakauka, maana nilisema, hata kama miguu haiwezi kumleta mtoni, masikio anayo. Kama yuko uani kwako atasikia, atajibu hata kwa kupiga sufuria. Hakuna aliyejibu. Mtoto mmoja alitokea kwenye majani upande wenu, akanitazama, akakimbia.

Nijibu jambo moja tu. Subira alisikia? Kama alisikia na hakujibu, ana nini? Nakuuliza kwa Mungu na kwa kaburi la baba, usiniandikie habari za ugali.

Dada yako,
Feza

---

*Lumbwe, tarehe 6 mwezi wa nane, 1943*

Yaya wangu,

Sijui mkono gani uandike barua hii.

Subira hayuko. Innalillahi. Ndui ilimshika mwisho wa mwezi wa sita, siku chache kabla ya barua yangu ile ya kukataa. Nilificha. Nilijua ukijua utavunja kamba kwa meno, na hakuna ambaye angekuzuia, hata mimi. Nilimpeleka kibandani kama nilivyopeleka watoto wa wengine. Mtoto alimtangulia, alikuwa wa kike, hakulia. Subira alifuata siku uliyoniandikia kutoka Wamaza.

Alikufa vizuri, Yaya. Hakuhangaika. Nilimwambia unamwombea, akatulia. Sauti yako hakuisikia, upepo ulikuwa wa huku kwenda kwenu. Tulimswalia kwa mbali. Kumwosha hatukuweza, amri ni chokaa na shimo refu.

Sasa ndui imekoma. Hakuna mgonjwa mpya tangu mwezi wa saba ulipokwisha, wamebaki wachache wanaopona kibandani. Wamaza haikuingia, Lusangi haikuingia, Kasongo haikuingia. Bwana Mkubwa amesema katika teritware yote ni Lumbwe peke yake iliyofungwa ikafungika. Ameniita Kabambare nipewe medali mbele ya masefu. Naondoka kesho, na nimemwambia Atumani aitoe kamba na akuruhusu kupita ukija.

Watu wa hapa hawaniangalii tena kwa lile jicho. Waliona nimezika wangu kama nilivyozika wao. Lakini usiku naona uso wako tu. Yaya, nakuomba radhi. Bila radhi yako ile medali nitaivaa namna gani?

Mdogo wako,
Assumani

---

*Lumbwe, tarehe 15 mwezi wa nane, 1943*

Assumani,

Barua hii itakukuta Kabambare. Natumaini ulikuwa na nguo safi siku ya sherehe.

Niko kijijini kwako. Atumani alinivusha mwenyewe kwa mtumbwi, hakuweza kunitazama. Mke wako amenipokea, tumelia pamoja, sina ugomvi naye. Nimelala kibandani tangu siku ya kwanza kwa sababu Régina ameanguka. Si ndui, ni uchovu, mwili umekataa. Namlisha uji kwa kijiko. Na hawa wanaopona nawaosha mimi, wanataka maji mchana kutwa, na ngozi inawawasha mpaka wanalia. Mikono yangu imepata kazi iliyoiomba, imechelewa tu.

Nataka uelewe kwamba sikatai ulilolifanya. Nimekaa nikalipima. Majirani zangu Kasongo wana watoto wao leo kwa sababu ulikuwa na moyo mgumu. Kumzuia Subira asitoke, ulikuwa na haki. Kumpeleka hapa pamoja na wengine, ulikuwa na haki. Ningekuwa mimi ndiye mkubwa, labda ningeshindwa, na wangekufa wengi. Hayo yote nakupa, na medali pia ni yako.

Lakini mimi nilikuwa naomba kuingia. Ndui haitoki kwa mtu kuingia. Yule mama wa Wamaza hakuwa na makovu, mimi ninayo, na hata mtoto mdogo wa hapa angeiona tofauti hiyo kama ungemweleza. Hukujaribu kuwaeleza. Uliogopa macho yao, ukaita woga huo haki.

Hata hilo ningelinyamazia. Si ndilo nililokuja kukuandikia.

Juzi Régina alipata nguvu kidogo, akaniuliza: “Ni wewe ulikuwa unaita kule mutoni?” Nikamwambia ndiyo. Akageuza uso. Nikamshika kidevu, nikamwambia, mama, sema.

Assumani, upepo haukuwa wa huko kwenda kwetu. Subira alisikia. Alikuwa hawezi kuinua kichwa, macho yamezibwa na vidonda, lakini alisikia, akamshika Régina nguo akasema: “Mama yangu iko naniita.” Régina naye alisikia, akamtuma mtoto mmoja wa kijijini akuite. Ukaja ukasimama mbali kidogo na mlango, ukasema: “Ni homa hiyo, Subira. Mama yako yuko Kasongo. Tulimwandikia, amesema anaogopa ugonjwa.” Nimemuuliza Régina mara tatu kama ni maneno yako hayo. Anasema ni hayo. Alitaka kukusahihisha, ukamtazama, na wewe ndiwe uliyekuwa mkubwa, akanyamaza.

Najua kwa nini ulisema. Ulidhani akijua niko ng'ambo atatambaa mpaka mtoni, na kijiji kizima nyuma yake. Mtu ambaye hawezi kuinua kichwa! Barua zangu hukumsomea hata moja. “Ninakuja” yangu umeikalia wewe.

Sauti yangu iliendelea kuita mchana ule wote, na yeye alikuwa analala pale akiisikia, akiamini ni homa. Régina anasema hakulia. Alisema mara moja tu, “Ana haki kuniogopa, nanuka,” kisha hakusema neno na mtu mpaka alipokwisha.

Sasa unaniomba radhi. Yangu mimi pengine ningekupa. Mimi ni dada yako, nimezoea kukusamehe tangu hujajua kutembea, na nikizeeka zaidi nitachoka kukukasirikia. Lakini yake Subira nitaitoa wapi nikupe?

Mama Subira